Mvumo Unaingilia Wapi? Kusikiliza Muziki Rufiji, Kutoka Santuri Hadi USB

Mwaka 2015 kampuni ya AudioQuest ya Marekani ilitoa kidude chenye umbo la flashi, ikakiita JitterBug. Huchomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta, kisha waya unaopeleka muziki kwenye kigeuzi, yaani kifaa kinachobadili tarakimu kuwa sauti, huchomekwa nyuma yake. Bei ilikuwa dola 49. Kazi yake, kwa maelezo ya waliokitengeneza, ni kuchuja uchafu wa umeme unaotoka kwenye kompyuta. Vipo vingine vya namna hiyo, na ghali zaidi: Wyrd ya Schiit, iPurifier ya iFi, ISO Regen ya UpTone. Wapenda muziki wamegawanyika. Wapo wanaoapa kwamba sauti ya mwimbaji husogea mbele na kutulia. Wapo wasiosikia tofauti yoyote.

Mbuchi ni kata ya Wilaya ya Kibiti, ndani ya delta ya Rufiji, penye msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya pwani ya Afrika Mashariki. Vigeuzi vya bei mbaya si mali ya huko. Vilivyopo ni simu, redio yenye tundu la flashi, sabufa, na paneli ya sola juu ya paa. Hata hivyo, historia ya kusikiliza muziki katika pwani hii inalijibu swali la vidude hivyo kwa uwazi, kwa sababu kila chombo kilichopita kilikuja na uchafu wake, na kila uchafu ulikuwa na mahali pake pa kuingilia.

Mwanzoni ilikuwa santuri. Machi 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wapigaji wake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, na sahani zake zikauzwa kwa makumi ya maelfu. Delta ilikuwa imefungamana na Unguja kwa biashara ya boriti: majahazi yalipakia mikoko Rufiji na kuipeleka Unguja, Arabuni na Ghuba. Sahani za enzi hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja ukichukua kama dakika tatu. Sindano ya chuma ilisagika haraka na vumbi lilijaa katika mifereji ya sahani, ndiyo maana muziki ulikwaruza. Dawa yake ilikuwa rahisi na ilifanya kazi kweli: kitambaa kikavu na sindano mpya. Uchafu ulikuwa palepale sindano ilipokutana na sahani.

Redio ikahamisha tatizo angani. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Katika masafa ya kati na mafupi, radi iliyopiga mbali ilisikika kama kuni zinazopasuka motoni, na usiku stesheni za mbali ziliingiliana. Betri nazo zilikuwa kero ya kila nyumba. Matsushita ilipofungua kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966, redio na betri za National zilienea nchi nzima, lakini betri ziliendelea kuwa gharama kubwa kwa mkulima wa mpunga. Zilizochoka zilianikwa juani ili zitoe nguvu kidogo tena kwa taarifa ya habari na nyimbo mbili tatu. Aliyetaka kusikia vizuri alirefusha antena kwa waya hadi juu ya mti. Hiyo nayo ilikuwa dawa ya haki, kwa kuwa iliongeza ishara pale ilipokuwa haba.

Kanda ndizo zilizoharibu zaidi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, hivyo bendi zilikwenda Nairobi au ziliingia studio ya RTD na kurekodiwa kwenye tepu. NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Vijana Jazz na Mlimani Park zote zimo katika hazina ya tepu za RTD. Wasikilizaji walinasa nyimbo hewani kwa redio kaseti, jirani akanakili kaseti ya jirani, mwenye duka akanakili ya jirani huyo. Kila nakala iliongeza mvumo wake wa tepu na kupunguza zile sauti nyembamba za juu. Ya nne au ya tano ilisikika kama bendi inayopiga nyuma ya ukuta. Hakuna kichujio kilichoweza kuirudisha, kwa sababu uchafu ulikuwa umekwisha kuwa sehemu ya wimbo wenyewe.

Kisha zikaja kompyuta, na pamoja nazo vibanda vya kuingiza nyimbo. Mteja huleta flashi au memori kadi, anataja wasanii, kijana wa kibanda anamjazia. Hapa kitu kikubwa kilibadilika bila kelele: nakala ya mia moja ya faili ni sawa na ya kwanza.

Namna ya kulielewa jambo hili ipo katika historia ya delta yenyewe. Julai 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha kwenye mito ya Rufiji. Meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliipiga mizinga bila kuiona. Tarehe 11 rubani John Cull na mwenzake H. J. Arnold walizunguka juu, Arnold akituma kwa redio, kwa nukta na vistari vya Morse, habari za mahali kila kombora lilipoangukia. Ndege yao ilipigwa, na hata ikishuka kuelekea mtoni Arnold aliendelea kutuma masahihisho. Königsberg iliangamia siku hiyo. Mpokeaji aliyekuwa melini hakuhitaji nukta tamu. Alihitaji kuitofautisha na kistari tu. Kelele za hewani zingeweza kuimeza nukta isisikike kabisa, lakini nukta iliyosikika hafifu ilikuwa na maana ileile ya nukta iliyosikika kwa nguvu.

Muziki ndani ya waya wa USB husafiri kwa namna hiyo. Ni sifuri na moja katika vifurushi, na kila kifurushi kina hesabu ya kujikagua. Kikiharibika njiani, msikilizaji husikia mkwaruzo wa ghafla au wimbo hukatika. Hasikii besi iliyopungua utamu. Hata mwendo wa tarakimu, ambao wauzaji wa vidude huuzungumzia sana, katika vigeuzi vingi vya sasa huongozwa na saa ya kigeuzi chenyewe, si ya kompyuta. Amir Majidimehr, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Microsoft, aliipima ISO Regen kwa mitambo, na katika sauti inayotoka kwenye kigeuzi hakuona nafuu yenye maana.

Lakini waya huohuo hubeba pia umeme wa volti 5 na waya wa ardhi, na hapo wanaovitetea vidude hivyo wanaweza kuwa na haki. Mvumo wa hertz 50 wa umeme wa nyumbani, au mlio mwembamba wa chaja duni, unaweza kupenya kupitia waya wa ardhi hadi kwenye amplifaya. Katika hali hiyo kifaa kinachotenganisha kabisa umeme wa pande mbili huuondoa, na tofauti husikika hata na asiyejua muziki. Kipimo hakigharimu chochote: chomoa chaja ya kompyuta, wimbo uendelee kwa betri. Mvumo ukitoweka, njia yake imejulikana. Usipotoweka, dola 49 hazitauondoa.

Mazingira ya delta yana vyanzo vya namna hiyo. Inveta za bei nafuu hutoa umeme uliokatika kwa ngazi, na vidhibiti vingine vya sola hukata na kuunga mkondo haraka sana. Vyote huweza kuvuma ndani ya sabufa au redio iliyo karibu. Hewa ya chumvi nayo huleta kutu kwenye meno ya tundu la USB. Fundi anayesafisha tundu, anayeihamisha redio mbali na inveta, au anayeunganisha redio ya volti 12 moja kwa moja kwenye betri, amefanya kazi kubwa kuliko kichujio chochote kilichotajwa hapa.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, hutokea kabla faili haijaufikia waya. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hubeba takribani sehemu moja ya kumi na moja ya data ya CD, na nyimbo nyingi za zamani zinazozunguka kwenye flashi zilichukuliwa kutoka kaseti zilizonakiliwa mara nyingi. Tepu asili za RTD ziko Dar es Salaam, chini ya shirika la utangazaji la TBC, na zinazeeka. Tanzania Heritage Project ilianzishwa ili kukusanya fedha za kuzihifadhi kidijitali, kazi inayodai mashine nzima, vichwa safi vya kusomea tepu na mtu mwenye subira. Huko ndiko pesa ya anayeupenda muziki huu inakotakiwa kwenda kwanza. Wimbo wa Mlimani Park ukitolewa vizuri kwenye tepu yake na kuhifadhiwa bila kubanwa, utafika Mbuchi ukiwa vilevile ulivyotoka Dar es Salaam, tarakimu kwa tarakimu, hata ukipita kwenye flashi za watu ishirini.