Godauni ya Barabara ya Dunga

Mwambie Mnairobi kwamba unakwenda Inda, naye atafikiri mawili: umepata kibarua kiwandani, au una jamaa yako rumande. Eneo hilo la viwanda, upande wa kusini wa reli, halikupangwa kwa ajili ya mtu kutembea akitazama picha. Lilipangwa kwa malori na magunia. Asubuhi na mapema watu hutoka Mukuru kwa miguu, wakasimama langoni kungoja kuchaguliwa kwa kazi ya siku moja.

Basi ilikuwa kioja wasanii walipohamia humo mwaka 2003, katika godauni kuukuu iliyokuwa gereji ya magari kwenye Barabara ya Dunga. Hata jina hawakulisumbukia. Wakapaita The GoDown. Kiongozi wao alikuwa Joy Mboya, aliyewahi kuimba na kundi la Musically Speaking na aliyesomea usanifu wa majengo. Kuona Trust, iliyoanza 1995 kwenye Jumba la Makumbusho la Nairobi, ikaleta studio zake hapo. Wachoraji wakapata vyumba, wacheza densi wakapata sakafu, na makelele hayakumkera yeyote, kwa kuwa majirani walikuwa na mashine zenye kelele zaidi.

Kabla ya hapo msanii wa Nairobi alizoea kuonyesha kazi kwa hisani ya wengine: Alliance Française, Goethe, au Gallery Watatu. Paa ya Paa ya Elimo Njau, iliyokuwapo tangu miaka ya 1960, ilikuwa ya pekee kwa kuwa mikononi mwa wasanii wenyewe. Nawaheshimu wenyeji wale wa kigeni, lakini mgeni hapangi samani.

Thamani ya kuwa na kuta zako ilionekana 2008. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa umezua ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100. Mkataba wa amani ukatiwa sahihi Februari, na wengi wetu tukaona heri tunyamaze. GoDown haikunyamaza. Ilitundika picha za wapigapicha waliokuwa katikati ya moto ule, ikayaita maonyesho Kenya Burning. Mapanga, nyumba zilizoungua, maiti. Baadhi zilikuwa kali mno kwa ukurasa wa gazeti.

Nilikwenda saa ya chakula cha mchana. Karibu nami alisimama mwanamume mwenye ovaroli iliyolowa grisi, akasoma maelezo ya picha moja, akarudia kuyasoma, kisha akatoka bila kutazama nyingine. Hakuna aliyemuuliza alikotoka wala anachotafuta. Nimeona maonyesho mengi mjini tangu siku hiyo, na sikumbuki kuona ovaroli tena.

Mwaka huohuo Kuona ilihamia Hurlingham. Ketebul Music ya Tabu Osusa ikaendelea kufanya kazi palepale, ikitafuta na kurekodi upya muziki wa wazee waliosahauliwa. Baadaye jengo lenyewe likabomolewa ili kiwanja kijengwe kituo kipya, cha ghorofa. Michoro yake inapendeza, na kodi za Nairobi zinawapa sababu ya kutosha ya kutaka pao penyewe. Mimi naangalia tu mlango. Kwenye jengo refu huwa kuna askari, daftari la wageni na swali la unamwona nani.