Dawa Zinazoongeza Uzito: Rudi Kliniki Kabla ya Kuziacha

Baada ya kipindi cha afya, swali linalorudi kwenye meseji zenu ni hili: "Tangu nianze dawa nguo hazinitoshi, niache?" Jibu letu ni usiache kwanza. Lakini hujakosea, zipo dawa zinazoongeza uzito.

Kina mama huitaja sana sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Zipo pia insulini, valproeti ya kifafa, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, hasa olanzapini, na dolutegravir iliyomo kwenye ARV za sasa. Utafiti wa ADVANCE wa Afrika Kusini, uliochapishwa 2019, ulionyesha kuwa waliotumia dolutegravir waliongezeka kuliko waliotumia efavirenzi, na wanawake zaidi. Ila kwa aliyekuwa amekondeshwa na ugonjwa, sehemu ya uzito huo ni afya inayorudi.

Inayotutia hofu zaidi ni prednisoloni, wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa pumu na wa viungo. Huongeza hamu ya kula, mwili hushika maji na uso hujaa. Ukiitumia kwa wiki kadhaa, mwili hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Ukikatisha ghafla, presha inaweza kushuka hadi ukaanguka. Daktari huipunguza kidogo kidogo.

Pima uzito kila unapokwenda kliniki, uandikwe kwenye kadi. Huna mizani nyumbani? Zungusha kamba kiunoni usawa wa kitovu, funga fundo, upime tena mwezi ujao. Punguza sukari kwenye chai, soda na vya kukaanga. Ugali upungue, mboga za majani ziongezeke. Wanaotumia insulini wasiruke mlo. Na tukumbushane: msimu wa kilimo ukiisha jembe hupumzika, lakini sahani hubaki ileile. Tembea.

Uzito ukipanda ndani ya siku chache, miguu ikavimba au ukahema ukilala chali, huenda ni maji, si mafuta. Wahi kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa mengine, muulize mhudumu kama ipo dawa mbadala. Wengi wanaochoshwa na sindano, kwa mfano, wanaweza kuwekewa kitanzi kisicho na homoni. Nenda na kadi yako na dawa zote unazotumia, hata za dukani na za miti shamba.