Utalii wa baiskeli, Kasese na Bwera

Utalii wa baiskeli, Kasese na Bwera ni safari za burudani zinazofanywa kwenye vilima vya chini vya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, kupitia njia za miguu na barabara za udongo ambako magari ni nadra. Hakuna barabara iliyotengwa kwa baiskeli pekee. Mwendeshaji hutumia njia zilezile za wakulima wa Bakonzo wanaoteremsha kahawa, Kyondo ikiwa miongoni mwa maeneo ya mlimani zinakopita.

Mabonde ndiyo uti wa safari. Mito Nyamwamba, Mubuku na Nyamughasani hushuka kwa kasi kutoka mlimani, na Lhubiriha hupita mpakani mwa Kongo karibu na Mpondwe. Mvua kubwa hubadilisha kila kitu: Mei 2013, na tena Mei 2020, Nyamwamba ilifurika na kuharibu sehemu za Kilembe na Kasese. Machi hadi Mei si wakati wa kujaribu bahati. Tope hushika magurudumu na madaraja ya miti hayaaminiki.

Msitu wa mlimani uko juu zaidi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyoanzishwa 1991 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia 1994. Huko watu hupanda kwa miguu, wakiongozwa. Barabara ya lami ya Kasese hadi Bwera inafaa kuepukwa: ina malori ya mpakani, na hukatiza Hifadhi ya Malkia Elizabeth, yenye tembo na simba.