LUGHA YA MAMA (Sehemu ya 5): Italia walipata nchi kwanza, lugha ikaja baadaye

Mama zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, nawaona.

Tangu nianze mfululizo huu, swali linaloongoza inbox ni hili: "Nesi, nikimwongelesha mtoto kilugha cha nyumbani si atachelewa? Si bora nianze na Kiingereza mapema?" Leo nalijibu kwa kupitia Italia. Wenzetu kule waliuliza swali hilo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja, na majibu yao yaliacha alama kwenye familia. Chukua chai, ni ndefu kidogo.

1️⃣ NCHI MOJA, HAWAELEWANI

Ufalme wa Italia ulitangazwa tarehe 17 Machi 1861. Kabla ya hapo palikuwa na falme na majimbo mbalimbali. Bendera ikawa moja, lakini watu hawaelewani. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba wakati huo waliokuwa wakizungumza Kiitaliano walikuwa kama asilimia 2.5 tu. Wataalamu wengine wanasema karibu asilimia 10. Haya, chukua hiyo kubwa: mtu mmoja kati ya kumi!

Mfalme mwenyewe, Vittorio Emanuele II, alizoea Kifaransa na lugha ya kwao Piedmont. Waziri mkuu wake, Cavour, naye Kifaransa kilimtoka vizuri kuliko Kiitaliano.

Na usidhani ilikuwa tofauti ya lafudhi. Mama wa Venice alimbembeleza mwanawe kwa lugha moja, wa Naples kwa nyingine, wa Sicily kwa nyingine kabisa. Mpaka leo tikiti maji kaskazini ni "anguria", Roma na Firenze ni "cocomero". Tunda moja, nchi moja.

2️⃣ KIITALIANO KILITOKA WAPI?

Kilitoka Firenze, na kilikaa vitabuni kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1300, Dante aliandika kitabu kuhusu lugha za watu wa kawaida. Wasomi wa enzi hizo walikithamini Kilatini tu. Dante akasema kuna lugha tunayoipata bila kanuni yoyote, kwa kumwiga anayetulea, na kwamba hiyo ndiyo yenye heshima zaidi kuliko ile ya kusomea. Mama zangu, hapo ni miaka 700 iliyopita na mtu anatetea lugha ya anayebeba mtoto!

Kisha akatunga utenzi wake mkubwa kwa lugha ya Firenze, na wasomi wa miji mingine wakaja kuiga. Lakini walikuwa wakiiandika tu, nyumbani wanaongea ya kwao. Manzoni, mwandishi mkubwa wa Milan, alitoa riwaya yake mwaka 1827, halafu akakaa chini kuisahihisha yote ifuate usemi wa Firenze. Toleo jipya likatoka kati ya 1840 na 1842. Yaani mtu mzima, mwandishi maarufu, anajifunza lugha ya taifa lake kama mgeni.

Hata "ciao" mnayoisikia Malindi si ya Firenze. Imetoka Venice, na asili yake ni kusema "mimi ni mtumwa wako". Wanaotufundisha kwamba shikamoo ni "nashika miguu yako" hawatashangaa.

3️⃣ LUGHA IKAGEUKA RUNGU

Mwaka 1922 Mussolini akaingia madarakani. Serikali yake ikataka kusimamia hadi salamu. Kwa Kiitaliano, mtu wa heshima unamwita "Lei", neno ambalo pia lina maana ya "yeye" wa kike. Mwaka 1938 wakalipiga vita, watu watumie "voi". Maneno ya kigeni nayo yakafukuzwa. Sandwichi ikapewa jina "tramezzino", na hilo limebaki hadi leo.

Hayo ya kuchekesha. Ya kuliza yalikuwa South Tyrol, milimani kaskazini. Italia ililichukua eneo hilo kutoka Austria baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na wengi wa wakazi walikuwa wasemaji wa Kijerumani. Kuanzia 1923 shule zao zikageuzwa kuwa za Kiitaliano, darasa baada ya darasa. Mtoto wa miaka sita anaingia darasani, haelewi mwalimu anasema nini.

Wazazi wakaanzisha shule za siri, jikoni, darini, kwenye maghala. Wakaziita shule za makatakombi, kwa kukumbuka yale mahandaki ya Roma ya Wakristo wa kale. Waliofundisha wengi walikuwa wasichana wadogo tu. Mmoja wao, Angela Nikoletti, alikamatwa mwaka 1927 akafungwa, kosa lake kufundisha watoto lugha ya mama zao. Alifariki mwaka 1930 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 25.

4️⃣ HALAFU IKAJA AIBU

Baada ya Vita ya Pili hakukuwa na rungu tena. Televisheni ilianza rasmi Januari 1954. Kuanzia 1960 hadi 1968 mwalimu Alberto Manzi alifundisha watu wazima kusoma na kuandika kupitia televisheni, na wengi sana wakafaulu. Hilo lilikuwa jambo jema, tuseme ukweli. Mtu asiyejua lugha ya ofisi hunyimwa haki yake mchana kweupe. Padri Lorenzo Milani aliwafundisha watoto wa maskini wa Barbiana hilo hilo, na mwaka 1967 wanafunzi wake wakatoa barua kali kwa mwalimu anayewafelisha watoto wa aina yao.

Tatizo ni kwamba lugha ya nyumbani ilianza kuonekana ushamba. Wazazi wengi wakaongea ya kwao wawili wawili, wakigeukia mtoto wanaongea Kiitaliano, hata kama wenyewe ni cha kubabaisha. Mwaka 2015 idara ya takwimu ya Italia ilikuta ni kama asilimia 14 tu wanaotumia zaidi lugha ya kwao nyumbani. Kuna bibi leo ana hadithi tele, mjukuu anaelewa nusu.

Na South Tyrol je? Huko leo Kijerumani na Kiitaliano vyote ni rasmi. Watoto wa wasemaji wa Kijerumani wanasoma kwa lugha yao, na Kiitaliano wanajifunza pia. Hawajapotea.

5️⃣ SASA TURUDI KWA MTOTO WAKO

Ninachokiona mimi kwenye historia hii: Italia ilihitaji lugha ya kuwaunganisha, na iliipata. Kumwonea mama aibu hakukuwa sehemu ya lazima. Kwa hiyo:

✅ Mwongeleshe mtoto lugha ambayo wewe una maneno mengi zaidi, unayoweza kutania, kukemea na kuimba. Hapo ndipo anapopata maneno mengi.

✅ Lugha mbili au tatu hazimcheleweshi mtoto. Kuchanganya maneno akiwa mdogo ni kawaida, atazitenganisha.

✅ Akifika miaka miwili na haunganishi maneno mawili, au haitikii sauti, mlete kliniki tumpime masikio na maendeleo yake. Usisubiri, na usikimbilie kuacha lugha yako ukidhani ndiyo sababu.

✅ Kiingereza atakipata shuleni, na wewe msomee vitabu vyake ukiweza. Lakini hadithi za bibi hakuna shule itakayompa.

Niambie hapo chini, nyumbani kwako mtoto anaongeleshwa lugha gani, na nani anaongea ipi? Baba, babu na dada wa kazi wote wahesabiwe.

Sehemu ya 6 Jumatano: nyimbo za kubembeleza watoto. Mtumie huyu mama mwenye mashaka, umtoe wasiwasi. Usiku mwema 💙