Nani Anavuta Kamba?

Watu wakijua kwamba nacheza gemu, huniuliza waanze na ipi. Wanategemea niwatajie mpira au vita. Mimi huwatajia gemu za kuchimba madini, tena zile ndogo, zilizotengenezwa na mtu mmoja au na marafiki wachache, ambazo wachezaji wenyewe huziita gemu za indi. Sababu ni marehemu Baba. Hakuwahi kushika pedi maishani mwake, lakini sijawahi kukaa mbele ya skrini na mhakiki mkali kumliko.

Kwetu ni Maganzo, wilayani Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Almasi yake iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada. Mwaka 1947 ikapatikana pale almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5 kabla ya kukatwa, ikapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Princess Elizabeth. Sisi wa nje ya uzio tulikuwa na changarawe. Baba alianzia huko, kuchimba na kuchekecha, siku nyingi bila kuona hata punje. Baadaye akahamia kwenye dhahabu, Geita. Alirudi nyumbani wakati wa kupanda pamba, na wakati mwingine hata huo hakurudi.

Gemu ya kwanza ninayoipendekeza ni Motherload. Nilikutana nayo mwaka 2011, nikiwa kidato cha pili. Shule ilikuwa na kompyuta chache kuukuu zisizo na intaneti, na mwalimu mmoja kijana alikuwa na flashi aliyoijaza kila kitu: mitihani ya nyuma, nyimbo, na folda aliyoiandika ZOEZI. Ndani ya ZOEZI kulikuwa na gemu. Unaendesha kimashine kwenye sayari ya Mars, unachimba kwenda chini, unajaza mzigo, unapanda kuuza, unanunua mafuta, unashuka tena. Mafuta yakiisha ukiwa chini, umekwisha.

Iliundwa na XGen Studios mwaka 2004. Nao ni Wakanada. Sijui Wakanada wana nini na ardhi. Ilitengenezwa kwa Flash, teknolojia iliyowawezesha vijana wa miaka ile kuunda gemu chumbani na kuiweka kwenye tovuti watu waicheze bure. Historia ya gemu ndogo ina milango mingi ya kuingilia, lakini kwa sisi wa Kanda ya Ziwa mlango ulikuwa huo, kwa sababu ya ukubwa wa faili. Gemu ya duka kubwa ilihitaji diski na mashine ya bei ya ng'ombe kadhaa. Gemu ya Flash ilipita popote wimbo ulipopita. Ilihama kutoka flashi kwenda memori kadi na kutoka kwa fundi simu kwenda kwa mteja, bila mtu kujua imetoka wapi wala nani kaitengeneza. Mimi nililijua jina la XGen miaka mingi baadaye.

Likizo hiyo binamu yangu alikuja na laptopu kutoka Mwanza, nikamwonyesha Baba. Alitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma. Nikamweleza kwamba kuna bosi anayekutumia ujumbe na kukuongezea hela kila unapofika chini zaidi, na kwamba mwisho kabisa unamkuta huko chini, ndiye adui. Anaitwa Mr. Natas. Jina hilo ukilisoma kutoka nyuma linakuwa Satan, Shetani mwenyewe.

"Basi aliyeitengeneza amewahi kuwa na mwenye duara," Baba akasema.

Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa huyu akiwa chini, nani anavuta kamba?"

Kwa asiyejua maduara ya wachimbaji wadogo: hushuki peke yako. Juu kuna watu wanaovuta kamba iliyobeba viroba vya mawe, na kamba hiyohiyo ndiyo inayokushusha na kukupandisha. Kuna anayepanga matimba, ile miti ya kushikilia kuta zisibomoke. Kuna anayeangalia pampu ya maji. Mawe yakitoka, kuna mgao. Mwenye duara ana viroba vyake, mwenye eneo ana vyake, aliyeleta chakula na dizeli ana vyake, na vinavyobaki mnagawana nyinyi mliochimba. Kiroba chako unakipeleka kwenye karasha kusagwa bila kujua kama kina dhahabu au ni kokoto tupu. Kumbe mimi nilikuwa nacheza mchezo wa mchimbaji asiye na mgao. Kila alichochimba kilikuwa chake, na alikuwa peke yake duniani.

Ya pili ni Spelunky. Derek Yu, Mmarekani, aliitoa mwishoni mwa mwaka 2008 akaigawa bure, kwa hiyo hii sina dhambi nayo. Aliiunda kwa GameMaker, programu ambayo hata asiye mhandisi anaweza kujifunza. Unaingia pangoni kutafuta dhahabu, na kila ukifa pango linajipanga upya, hivyo huwezi kulikariri. Ukikawia sana sehemu moja, mzimu unakuja kukuondoa. Ndiyo gemu ninayoiheshimu kuliko zote katika orodha yangu. Haikuonei, lakini haikubembelezi. Unakufa kwa sababu uliruka bila kutazama, na unajua hivyo kabla hujafika chini.

Baba aliidharau. Nilipolipua ukuta kwa bomu nikapita, akaguna. "Matimba yako wapi? Hapo ungekuwa umefunikwa." Nikamwambia ni mchezo tu. Akasema anajua ni mchezo, lakini hata kwenye bao shimo lina sheria zake. Mzimu ndio ulimpendeza. Akaniambia wachimbaji aliokaa nao wengi wanaamini kwamba dhahabu ina wenyewe, na kwamba kuna siku unaachia shimo hata kama mkono unaona linalipa. Nadhani Derek Yu alitaka tu kutuharakisha. Lakini kila mzimu ule unapotokea, mimi humsikia Baba.

SteamWorld Dig nitaipitia haraka, si kwa ubaya. Ni ya mwaka 2013, ya studio ya Kiswidi iitwayo Image & Form. Roboti aitwaye Rusty anarithi mgodi wa mjomba wake na kuanza kuuchimba. Nakala yangu ya kwanza niliipata chuoni kwa njia ambayo isingempendeza Mswidi yeyote. Baadaye nikanunua halali, na naomba tuyaishie hapo. Uzuri wake ni taa. Mwanga unapungua kadiri unavyokaa chini, na usiporudi juu unachimba gizani. Ilikuwa mwaka 2016, na wakati huo Baba alikuwa amerudi Maganzo moja kwa moja, anakohoa. Hakusimama nyuma yangu tena. Aliketi kwenye kiti na kunielekeza. Giza lilipoanza kuingia pembeni mwa skrini akawa ananihimiza, "Panda, ng'wana wane, panda," kwa sauti ambayo haikuwa ya mchezo.

Alifariki mwaka 2018. Vumbi la mawe lilikuwa limemjaa mapafuni.

Mwisho wa mwaka 2020 Flash nayo ikazimwa. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba, na kuanzia Januari 2021 gemu zile zikaacha kufunguka kwenye vivinjari. Maelfu ya kazi za vijana wa mtandaoni yangepotea kama wapenzi wake, kwa kujitolea, wasingekuwa wameanza mapema kuzikusanya kwenye hifadhi iitwayo Flashpoint. Niliitafuta Motherload humo nikaipata. Siku hiyo nilicheza hadi mafuta yakaniishia chini, nami nikaiacha mashine palepale, sikuanza upya.

Gemu iliyolijibu swali la Baba inaitwa Deep Rock Galactic, ya Ghost Ship Games wa Copenhagen. Ilikamilika Mei 2020, miaka miwili baada ya kumzika. Mnashuka wanne, vibeteko wenye ndevu, mmeajiriwa na kampuni. Mmoja anatoboa miamba, mmoja anaweka majukwaa, mmoja anarusha mianga ili pango lionekane. Wa nne ndiye anayebeba bunduki kubwa, na ndiye anayefunga waya kutoka ukuta hadi ukuta ili wenzake wote wapite. Wa kamba, basi, ni huyo. Madini yote yanaingia kwenye roboti mmoja wa miguu minne, na malipo mwishoni ni sawa kwa kila mtu. Ukianguka, mwenzako anakuja kukuinua. Kazi ikiisha, chombo cha kuwarudisha kinashuka na saa inaanza kuhesabu. Ukichelewa kinaondoka. Kampuni haisubiri mtu.

Naipendekeza, ila kwa tahadhari ya bando: uzuri wake uko mtandaoni, na ni faili kubwa. Mimi huchagua kuwa mfunga waya kila mara. Vijana ninaocheza nao, wengine wako Nairobi, wengine siwajui hata sura, wananilalamikia kwamba natumia muda mrefu kufunga nyaya mahali ambapo mtu angeweza kuruka tu.

Ya mwisho si ya kuchimba. Naitaja kwa sababu ya lugha. Gemu za kwetu hazikuanza jana. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, wakati wengi wetu tulikuwa hatujagusa kompyuta. Lakini mimi sikuwahi kusikia gemu inayozungumza Kiswahili kama watu wazima wanavyozungumza hadi Aprili 2024, ilipotoka Tales of Kenzera: ZAU. Ni kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na studio yake, Surgent Studios. Kama ni gemu ya indi au la, wabishi wabishane, maana aliyeichapisha ni EA na EA si kampuni ya mtaani. Salim alifiwa na baba yake, na gemu nzima imetoka kwenye msiba huo. Kijana Zau anakwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, na kumpa ofa: atamletea mizimu mikubwa mitatu, naye amrudishie baba yake.

Kompyuta yangu haikuiweza. Nilicheza kwa rafiki yangu Mwanza, mvua ikinyesha, jirani akilalamika kuhusu sauti. Rafiki alikuwa amekwisha kuchagua sauti za Kiswahili bila kuniambia. Nilikaa kama mtu aliyejiandaa kusoma maandishi, kisha nikasikia kijana kwenye skrini anatamka Baba, si kwa lafudhi ya sinema, bali kama tunavyolitamka nyumbani.

Nilicheza siku mbili. Zau anaruka na kupigana kwa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na kuna sehemu za kukimbizwa zilizonitoa jasho. Mapigano yanajirudia kidogo, nakiri. Sijaimaliza. Nilifika mahali ambapo ilikuwa wazi mwisho hauko mbali, nikampa rafiki yangu pedi, nikatoka barazani. Yeye aliimaliza usiku ule. Asubuhi alitaka kunisimulia kama Kalunga alitimiza ahadi, nikamwambia anywe chai kwanza. Mpaka leo hajanisimulia.