Nyuzi za kaboni na plastiki: juu ya nini hazishikani kwa urahisi?

Wengi wetu tunaijua hii: kiti cha plastiki kinavunjika, unaweka kole, kesho yake kimeachana tena. Plastiki ya viti mara nyingi ni polipropileni, na uso wake hauna mahali pa kole kushika. Shida hiyo hiyo inasumbua viwanda vyenye kuchanganya plastiki na nyuzi za kaboni.

Polipropileni tunaiona pia ku miguu ya bandia. CICR ilieneza teknolojia hiyo ku inchi zenye vita, na huku Goma imesaidia kituo cha Shirika la Umoja. Plastiki hiyo ikipata moto inalegea, fundi anaipa umbo la muguu wa mugonjwa. Nyuzi za kaboni nazo ni nyepesi na zina nguvu sana. Kuunganisha hizo mbili ni jambo zuri, lakini si rahisi.

Uzi wenyewe
Uzi mumoja una upana wa mikromita 5 hadi 7. Unywele wa mutu unakaribia 70. Unatengenezwa kwa kuchoma uzi wa plastiki kupita digrii 1000, bila hewa ya oksijeni. Kisha moto huo, uso unabaki karibu kaboni tupu, na hauna vitu vingi vya kushikana na plastiki.

Shida iko wapi?
Plastiki iliyoyeyuka ni nzito, haiingii vizuri kati ya nyuzi. Inaacha matundu ya hewa. Muzigo ukikuja, uzi unachomoka tu, hata kama haujakatika.

Wanafanya nini?
Kwanza, wanapitisha nyuzi ndani ya maji yenye chumvi na umeme, ili uso upate oksijeni. Wakizidisha, uzi unapoteza nguvu. Pili, wanapakaa dawa nyembamba, karibu asilimia 1 ya uzito. Lakini dawa nyingi zilitengenezwa kwa epoksi, plastiki ya aina ingine. Tatu, kwa polipropileni, wanachanganya kidogo ya polipropileni iliyobadilishwa kwa anhidridi ya maleiki. Hiyo inashika pande zote mbili.

Namna ya kupima
Wanavunja kipande, wanaangalia kwa mikroskopu. Uzi ukitoka safi, haukushika. Ukitoka na plastiki juu yake, ulishika.

Basi mutu akikuambia kitu ni «cha kaboni», neno hilo peke halitoshi. Nguvu iko pale uzi na plastiki vinakutana.