Maji ya Vita na Kuzipima Roho katika Nchi ya Ungoni

Mjimwema, mojawapo ya kata za Manispaa ya Songea, imo katika Ungoni, nchi ya Wangoni, ambako kushindwa kutenganisha unabii wa kweli na wa uongo kuliwahi kugharimu maelfu ya maisha. Mafundisho ya Kikristo huliita jambo hilo kuzipima roho, yaani kulichunguza kila dai la kutumwa na Mungu kabla ya kulisadiki, na historia ya Songea inathibitisha kwamba upimaji huo hauna nguvu pale ukweli unapotengwa na haki.

Mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyeaminiwa kupandwa na roho aitwaye Hongo, aligawa dawa ya maji iliyosemekana kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Dawa hiyo ilifikishwa Ungoni na Omari Kinjala, mmoja wa wajumbe waliozieneza habari zake, ikapokelewa na watu waliokwisha kuelemewa na kodi, kazi za shuruti na dharau ya watawala wa kigeni, nao wakaingia vitani. Iliambatana na miiko, na aliyepigwa risasi aliweza kudhaniwa kuwa ameivunja. Kwa hiyo dai lenyewe lilikingwa dhidi ya ushahidi, na lawama ikamwangukia marehemu. Hata hivyo, bunduki za rashasha zilipowakabili Wangoni huko Namabengo, Septemba 1905, imani ya wengi katika maji ilivunjika.

Ukristo nao haukuwa nje ya msiba huo. Watawa Wabenediktini walikuwa wameanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, lakini kwa kuwa walikuja chini ya kivuli cha dola ya Kijerumani, wenyeji wengi hawakuona mpaka kati ya msalaba na bunduki: Askofu Cassian Spiss aliuawa na wapiganaji Agosti 1905 akiwa safarini kuelekea huko, na misheni yenyewe ikachomwa. Mwanzoni mwa 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea, na Padri Johannes Häfliger akawabatiza wengi wao kabla ya kufa. Kisha mashamba na maghala yaliteketezwa makusudi, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Kuwaita waliokufa wajinga ni kuwadhulumu mara ya pili, kwa maana walitafuta ukombozi halali kupitia ahadi isiyo ya kweli. Udanganyifu wa kiroho huingia kwa urahisi pale penye jeraha, na ndivyo ilivyoonekana tena mwaka 2011, maelfu ya wagonjwa walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, aliyesema ameoteshwa na Mungu.

Kwa hiyo Mkristo wa Songea ana vipimo alivyoachiwa na Maandiko na vilivyothibitishwa na historia ya kwao: unabii usiotimia haukutoka kwa Mungu, nabii hutambuliwa kwa matunda yake, na mafundisho yanayokataza kuulizwa, au yanayomtwika mgonjwa hatia ya kutopona, yamekwisha kujihukumu. Kanisa linalotaka kuwalinda waumini wake halina budi kuwafundisha maswali hayo mapema, na papo hapo kuwatetea dhidi ya dhuluma na kuwahudumia katika maradhi, kwa sababu mtu aliyeachwa peke yake na maumivu yake atampokea yeyote anayemwahidi nafuu.